Michezo ya Kikundi kwa Watoto Wenye Usonji: Namna ya Kuipanga, Kuichezesha na Kujenga Stadi za Kijamii

Waweke watoto sita katika chumba chenye midoli, uwaambie "haya, chezeni". Baada ya muda watano watakuwa wameshapangana. Yule mwenye usonji (kwa Kiingereza autism), mara nyingi, utamkuta pembeni anazungusha gurudumu la gari la kuchezea, na hapo mtu mzima husema kwamba huyu hapendi wenzake. Huenda anawapenda sana. Tatizo ni kwamba mchezo wa kujipangia una kanuni nyingi zisizotamkwa: nani anaanza, unaingiaje katikati ya mchezo ulioanza, utani ni upi na ugomvi ni upi. Watoto wengi huzidaka kanuni hizo bila kufundishwa. Mtoto mwenye usonji huhitaji azione, azishike, azirudie.

Mwongozo huu ni kwa mzazi, mlezi, mwalimu au yeyote anayekaa na watoto hawa na anataka kuendesha kipindi cha michezo. Wazo linalouongoza ni moja: mchezo unaojenga stadi za kijamii ni ule ambao mtoto hawezi kupata anachokitaka bila mwenzake. Ukiupata mchezo wa namna hiyo, huna haja ya kuhubiri habari za kushirikiana. Ukiukosa, mahubiri hayatasaidia.

Kwanza tuelewane kuhusu lengo. Hatuchezeshi ili mtoto aonekane hana usonji. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili: kila upande hushindwa kumsoma mwingine. Kwa hiyo katika kikundi, watoto wote wana la kujifunza. Yule asiye na usonji anajifunza kungoja jibu, kusema jambo moja kwa moja, na kutochukulia kimya kuwa ni dharau. Ukiona kipindi chako kinamrekebisha mtoto mmoja tu huku wengine wakitazama, hicho kimeshaacha kuwa mchezo.

HATUA YA 1: Mchunguze mtoto kabla ya kuchagua mchezo

Watu wengi huanza na orodha ya michezo. Mimi nashauri uanze na daftari. Kaa pembeni mtoto anapocheza apendavyo, bila kumuuliza chochote, uandike unachokiona juu ya mambo manne.

La kwanza ni anachokipenda. Usiandike "anapenda magari"; andika anapenda nini katika gari: kulizungusha gurudumu, kuyapanga kwa rangi, sauti ya injini, au majina ya aina za magari? Kila jibu linaelekeza kwenye mchezo tofauti. Anayependa kupanga kwa rangi atafaa katika mchezo wa kujenga. Anayependa sauti atafaa katika mchezo wa muziki wa kusimama na kwenda.

La pili ni ngazi ya mchezo alipo. Mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha mwaka 1932 uchunguzi wake wa watoto wa shule za awali, akaeleza namna wanavyoshiriki katika mchezo: kuna asiyejishughulisha na mchezo wowote, anayecheza peke yake, anayetazama wengine, anayecheza sambamba na mwenzake bila kuchangamana naye, anayechangamana, na hatimaye wanaoshirikiana kwa lengo moja na majukumu yaliyogawanywa. Usizichukue kama ngazi ambazo kila mtoto lazima apande kwa utaratibu. Wapo watoto wenye usonji wanaofurahia kucheza sambamba maisha yao yote, na hiyo ni haki yao. Lakini zinakusaidia kutokuruka. Mtoto anayetazama wenzake kutoka mlangoni ukimtia ghafla katika mchezo wenye timu mbili na pointi, atakimbia. Mpe kwanza kazi yake mwenyewe, kando ya mwenzake, kwa vifaa vilevile.

La tatu ni hisia za mwili. Mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani uliingiza rasmi katika vigezo vya usonji ile hali ya kuhisi kupita kiasi, au kuhisi kwa uchache, sauti, mwanga, mguso na mengineyo. Wazazi walikuwa wakilijua hili zamani. Andika: anaziba masikio lini? Anakubali kushikwa mkono? Anapenda kubanwa kwa nguvu au anachukia hata kupitwa karibu? Anatafuta kuruka, kuzunguka, kubingirika? Mtoto anayechukia mguso usimpangie mchezo wa kushikana mikono kwenye duara. Anayetafuta kuruka usimketishe dakika ishirini.

La nne ni namna anavyowasiliana. Kusema si sharti la kucheza. Kama anatumia ishara, picha, au kishikwambi chenye sauti, kifaa hicho kiwepo mchezoni muda wote, mkononi mwake, kisiwekwe kabatini "ili ajitahidi kusema". Picha na vifaa vya mawasiliano havimzuii mtoto kujifunza kusema. Na kama anarudia maneno aliyoyasikia, kwa mfano anasema "je, unataka tena?" akimaanisha yeye ndiye anayetaka tena, yapokee kama mawasiliano, kwa sababu ndivyo yalivyo.

HATUA YA 2: Panga kikundi

Anza na watoto wawili. Ndiyo, wawili ni kikundi. Wakizoeana ongeza wa tatu, kisha wa nne. Kwa wengi wanne wanatosha kabisa. Kikundi kikubwa huongeza kelele na huongeza muda wa kusubiri zamu, na hayo mawili ndiyo yanayovunja vipindi vingi.

Katika kuchagua nani akae na nani, angalia wanachokipenda kabla ya umri na kabla ya cheti cha daktari. Watoto wawili wanaopenda treni, mmoja ana miaka saba na mwingine tisa, watafika mbali kuliko wenye umri mmoja wasio na chochote cha kuwaunganisha. Mchanganyiko wa wenye usonji na wasio nao ni mzuri, ila usiwe na mtoto mmoja tu mwenye usonji kati ya watatu wasio nao. Atageuka kuwa mgonjwa wa kikundi.

Wenzake waandae kwa maneno machache ya kweli. Si lazima kutaja usonji kama familia haitaki. Inatosha: "Huyu husikia sauti kubwa kuliko sisi, kwa hiyo tusipige kelele masikioni mwake. Ukimwita na hajageuka, mpe muda, kisha muoneshe kitu unachokitaka." Watoto hushika maelekezo ya namna hii upesi kuliko watu wazima.

Wasimamizi wawe wawili mkiweza. Mmoja anaongoza mchezo akiwa mbele, mwingine anakaa nyuma ya watoto na kusaidia kimyakimya. Huyu wa nyuma ana kazi ngumu zaidi, nami nitamrudia.

HATUA YA 3: Andaa mahali na ratiba

Chumba kiwe na vitu vichache. Midoli isiyotumika ifunikwe au itolewe. Mlango uwe na namna ya kufungwa kwa usalama, maana baadhi ya watoto hawa hutoka mbio bila kuangalia wanakokwenda. Kama mnacheza nje, hakikisheni mbali na barabara na maji. Taa zinazomweka ziepukwe, kwa sababu wanazidiwa nazo, na kwa sababu kifafa huonekana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, na mwanga wa kumweka unaweza kukichochea kwa baadhi yao.

Tenga kona ya kupumzikia: mkeka, mto, labda vipokea sauti vya kuziba masikio. Kona hii si ya adhabu. Mtoto aende mwenyewe, arudi mwenyewe, na mfundishe ishara moja ya kusema "nimechoka" kabla hamjaanza mchezo wowote. Kipindi cha kwanza, mpeleke pale akiwa ametulia, aone kwamba panapendeza.

Kisha ratiba ya picha ukutani. Picha nne au tano zinatosha: kukaa duara, mchezo wa kwanza, mchezo wa pili, kupumzika, kuagana. Kila kinachoisha, mtoto mmoja anabandua picha yake na kuiweka katika boksi la "tayari". Jambo hili dogo hutuliza wasiwasi mwingi, kwani sehemu kubwa ya vurugu hutokana na kutojua nini kinafuata na kitaisha lini. Ukitaka kubadilisha ratiba, badilisha picha mbele yao, uwaambie, kabla ya mabadiliko yenyewe.

Muda: kwa walio wadogo au wageni, dakika 15 hadi 20. Waliozoea, 40 hadi 45. Siku ile ile, saa ile ile, mahali palepale. Anza na wimbo mmoja, maliza na wimbo mmoja, usiubadilishe.

HATUA YA 4: Chezesha

Hapa ndipo penye kazi. Nimeipanga michezo kuanzia inayodai kidogo hadi inayodai mengi, lakini si lazima mwende kwa mfuatano. Kipindi kimoja kiwe na michezo miwili au mitatu, na angalau mmoja uwe ule wanaoujua tayari.

Mapovu ya sabuni

Mtu mzima ana chupa. Anapuliza mara mbili tatu, watoto wanakimbiza na kupasua, kisha anafunga kifuniko, anashusha mkono na kunyamaza. Hapo ndipo mchezo unapoanza. Mtoto ataitazama chupa. Huenda akakutazama, akanyoosha mkono, akatoa sauti, akaleta picha. Chochote kitakachoonesha kwamba anakutaka wewe upulize, puliza papo hapo. Usidai aseme "naomba tafadhali". Unamfundisha kwamba kumgeukia mtu kunaleta furaha, na tafadhali itakuja siku yake.

Mkishauzoea, mpe chupa mtoto mwingine. Ni badiliko dogo la mkono hadi mkono, lakini sasa anayepaswa kuombwa si mtu mzima tena. Wengi hukimbilia kwako kwanza wakikuvuta shati. Onesha mikono yako mitupu, mwelekeze kwa mwenye chupa, subiri. Angalia sakafu: mapovu huacha utelezi.

Shuka na mpira mwepesi

Wote washike pembe na kingo za shuka pana. Weka mpira mwepesi katikati. "Polepole... polepole... harakaaa!" Mpira ukianguka, mmoja anaufuata, wengine wanamsubiri. Mchezo huu una faida moja kubwa: hauna mshindi, na kila mtu anahisi mvuto wa wenzake kupitia kitambaa bila kuguswa ngozi. Asiyetaka kushika alale chini ya shuka atazame linavyopanda na kushuka. Naye anashiriki.

Kuviringisha mpira kwa jina

Kaeni duara, miguu imepanuliwa. Kabla ya kuuviringisha mpira, unaita jina la unayempelekea na kusubiri aoneshe yuko tayari: ageuke, afungue mikono, au aguse sakafu. Asiyesema anainua picha ya mwenzake. Stadi inayojengwa ni ile ya kumpata mtu kwanza ndipo umpe ujumbe, na ni stadi ambayo hata watu wazima wengi hatunayo kwenye simu. Usidai kutazamana machoni. Watu wengi wenye usonji husema kutazama macho kunawachosha au kunawauma, na mtu anaweza kukusikiliza vizuri kabisa huku akitazama goti lako.

Mfuate kiongozi, na simama-nenda

Kiongozi anafanya jambo, wengine wanaiga. Anza wewe, kisha mpe nafasi mtoto mwenye usonji mapema. Akipunga mikono, wote wapunge. Akijitikisa, wote wajitikise. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anaona mienendo yake ikipokelewa badala ya kukatazwa, na utamwona akikagua: anapunga, anaacha, anatazama kama mmeacha. Akishagundua kwamba mnamfuata kweli, anaanza kuwachezea kwa makusudi. Muongezee muziki unaokatika ghafla: muziki ukizima wote wanakauka kama walivyo. Hapa kuna zoezi la kujizuia, ambalo halifundishiki kwa kuambiwa "tulia".

Viti vya muziki, kwa marekebisho

Katika mchezo wa kawaida viti huwa pungufu kuliko watoto, na anayekosa kiti hutolewa kila muziki unapokatika, na anayetolewa kwanza ndiye aliyehitaji kucheza zaidi. Badala ya viti tumia mikeka. Mikeka inapungua, watoto hawapungui. Wote lazima wapate pa kuweka angalau mguu mmoja. Wataanza kuitana: "Njoo huku, pana nafasi!" Kwa anayechukia kubanwa, chora mstari wake wa mguu pembeni ya mkeka wa mwisho.

Kujenga kwa majukumu matatu

Kama ningeambiwa nichague mchezo mmoja tu kwa watoto walio katika umri wa shule, ningechagua huu. Mwanasaikolojia Daniel LeGoff aliona watoto wawili wa kliniki yake wakichangamka katika chumba cha kusubiria kwa sababu kila mmoja alikuwa amekuja na LEGO, yaani matofali ya plastiki ya kuchezea yanayounganishwa. Kutokana na hilo alibuni vikundi vya kujenga pamoja, na mwaka 2004 akachapisha matokeo yake. Kiini chake ni kugawa kazi ambayo mtoto mmoja angeweza kuimaliza peke yake, ili isimalizike bila watatu.

Mhandisi ana picha ya kitu kinachojengwa. Yeye haruhusiwi kugusa matofali. Msambazaji ana matofali yote katika boksi, haoni picha. Mjenzi anaunganisha, haoni picha wala hana tofali. Si lazima matofali yawe ya kampuni fulani. Vipande vya mbao, maboksi matupu au maumbo ya kadibodi yenye rangi yanatosha, mradi yana rangi, ukubwa na namna ya kuelezwa.

Anza na kitu cha vipande visivyozidi kumi. Mazungumzo huenda hivi:

"Msambazaji, tunataka jekundu."
Anatoa jekundu fupi.
"Siyo hilo. Refu."
"Kama hili?"
"Eee. Mpe mjenzi."
Mjenzi analiweka wima.
"Limesimama! Liwe limelala!"

Tazama kilichotokea. Mhandisi amegundua mwenyewe kwamba "jekundu" halitoshi, kwa sababu mwenzake haoni anachokiona yeye. Hakuna aliyemfafanulia habari za mtazamo wa mtu mwingine; tofali fupi limemfafanulia. Ungeingilia kati na kusema "sema refu", ungemnyima somo hilo.

Baada ya kumaliza, au katikati kwa walio wepesi wa kuchoka, badilishaneni majukumu kwa beji za shingoni zenye picha: macho kwa mhandisi, boksi kwa msambazaji, mikono kwa mjenzi. Mtoto asiyesema aanze kama msambazaji, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kila kitu wenzake wanachokitaka na wao ndio watakaomfuata. Mtoto anayependa kuamrisha atataka uhandisi siku zote. Mpe, kisha awe mjenzi baada yake. Wakikwama, wasimamizi wanaruhusiwa swali moja tu: "Mjenzi amesikia?" Mengine wayamalize wenyewe.

Msako wa vipande

Kata picha moja, inayoonesha mahali kitu kilipofichwa, katika vipande vinne. Kila mtoto anapewa kipande chake na hakuna anayeweza kuona picha nzima mpaka wote wavilete. Atakuwepo atakayekumbatia kipande chake na kukataa kukitoa. Usimnyang'anye. Wenzake wapeleke vipande vyao kwake, waviweke mbele yake. Picha itakamilika mikononi mwake, na mnaenda kutafuta.

Maigizo mafupi, kwa wakubwa

Kuanzia miaka minane au tisa, kwa wanaopenda kuigiza, chagueni tukio moja la kweli: watoto wanacheza mpira nawe unataka kuingia. Igizeni njia tatu: kusimama karibu na kutazama kidogo, kuuliza "naweza kucheza?", na kwenda na wazo ("nitakaa golini"). Kisha igizeni wakikukatalia. Hili la mwisho usiliruke.

Igizeni pia kukataa. Mtoto mwenye usonji hufundishwa kutii mchana kutwa, na mtoto aliyefundishwa kutii tu yumo hatarini. "Sitaki." "Acha." "Usinishike." Wacheze zamu ya kusema na zamu ya kusikia na kuacha papo hapo. Kuhusu kutambua hisia kwa picha za nyuso, mimi huzitumia kidogo sana. Uso wa huzuni kwenye kadi hauna hadithi. Katika igizo anajua kwa nini yule amenuna.

HATUA YA 5: Jifunze kunyamaza

Msimamizi wa nyuma ndiye anayejua lini asaidie. Kanuni ni kungoja kwanza. Ukitoa maelekezo, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Watoto wengi wenye usonji huhitaji muda mrefu kuchakata maneno, na ukirudia kwa maneno tofauti baada ya sekunde mbili umempa kazi mpya kabla hajamaliza ya kwanza.

Akihitaji msaada, toa ule mdogo kabisa unaotosha: kutazama kifaa, kisha kunyoosha kidole, kisha kumuonesha kwa kufanya mwenyewe, na mwisho kabisa kumshika kiwiko kama anakubali kushikwa. Kipindi kinachofuata punguza. Msaada usiopunguzwa hugeuka kuwa sehemu ya mchezo, na mtoto hatacheza bila wewe nyuma yake.

Sifa nazo ziwe za jambo lililotokea: "Umemsubiri mwenzako amalize." Makofi ya kikundi kizima humtisha anayeogopa kelele, tumieni kutikisa mikono hewani.

HATUA YA 6: Mambo yakiharibika

Yataharibika. Mtoto anayelia, kupiga au kujitupa chini kwa kuzidiwa hafanyi utundu. Ubongo wake umefurika. Punguza maneno, zima muziki, ondoa watu karibu yake, mpishe afike konani. Usimhoji "kwa nini umefanya hivyo" wakati ule. Wengine waendelee na mchezo wa utulivu. Akirudi, apokelewe bila hotuba. Jioni rudi kwenye daftari: nini kilitangulia? Mara nyingi utakuta ni jambo la dakika kumi kabla: taa, njaa, zamu iliyochelewa, mabadiliko ambayo hayakutangazwa.

Asiyeweza kushindwa, mchezeshe kwanza michezo ya wote dhidi ya saa ya mchanga ("tumalize kabla mchanga haujaisha"), halafu ya bahati tupu kama ya dadu, ambapo kushindwa si kosa la mtu. Michezo ya ushindani wa ustadi ibaki ya mwisho, na kabla ya kuanza mkubaliane aliyeshindwa atasema nini.

Mlinzi wa sheria, yule anayepiga kelele mtu akikosea zamu, mpe kazi hiyo rasmi: awe mshika orodha ya zamu. Orodha iandikwe ukutani ili asilazimike kuibeba kichwani.

Na anayekataa kabisa kuingia? Akae mlangoni. Mwachie kifaa kimoja cha mchezo karibu naye, mtaje katika wimbo wa mwanzo kama wengine. Kutazama ni kushiriki. Usikitumie kitu anachokipenda kuwa chambo, yaani kumnyang'anya gari lake mpaka acheze. Utaharibu gari na mchezo kwa pamoja.

HATUA YA 7: Andika, kisha ipeleke stadi nje

Baada ya kila kipindi, wasimamizi waketi dakika tano wakiwa bado wanakumbuka. Kwa kila mtoto andikeni mstari mmoja wa tendo lililoonekana, pamoja na msaada uliotolewa: "Amempa mwenzake mpira baada ya kuitwa mara moja, bila kuelekezwa." Maneno kama "amechangamka leo" hayasaidii mwezi ujao. Chagueni tendo moja tu la kufuatilia kwa kila mtoto, mlihesabu, na msilibadilishe kabla hamjaona mwelekeo wa wiki kadhaa.

Kinachofanyika vizuri chumbani huenda kisionekane kabisa uwanjani. Stadi haihami yenyewe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: mchezo uleule na watoto walewale mahali pengine, kisha mahali palepale na mtoto mpya, kisha na msimamizi mwingine. Beji za majukumu ziende nyumbani, zitumike na ndugu zake. Mzazi apewe mchezo mmoja wa wiki, si mitano, na aambiwe ni tendo gani linatazamwa.

Kama mtoto yuko na mtaalamu wa tiba ya usemi au tiba ya kazi (ile ya kumsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku), mpelekee nakala ya daftari lako. Mpeleke mapema zaidi pale mtoto anapopoteza stadi alizokuwa nazo, anapojiumiza, au anapokauka na kutazama hewani kwa sekunde kadhaa asisikie akiitwa. Hilo la mwisho linahitaji daktari, si mchezo. Na mchezo ambao watoto wameukataa mara tatu mfululizo ukiwa umeurekebisha kila mara, uache. Chukua daftari, rudi kwenye ukurasa wa wanachokipenda, ubuni mwingine.